Ufahamu, Ufupisho na Rejesta: Mlo wa Kufunga Mwaka Mjini Nagano

Mtahiniwa, katika swali la ufahamu majibu karibu yote yako mbele yako kwenye karatasi ya mtihani. Hata hivyo, watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa kusoma haraka na kujibu swali ambalo halikuulizwa. Somo hili litakuongoza kupitia kifungu kimoja, maswali yake na majibu yake, hatua kwa hatua. Ukimaliza uweze:

(a) kusoma kifungu chenye mazingira mageni kwako bila kubabaika;
(b) kueleza maana ya maneno kama yalivyotumika katika habari;
(c) kutofautisha jibu lililo wazi na jibu linalodokezwa;
(d) kufupisha habari kwa idadi ya maneno uliyopewa;
(e) kueleza jinsi muktadha unavyobadili matumizi ya lugha.

HATUA ZA KUFUATA

1. Soma kifungu chote mara ya kwanza bila kuandika chochote. Lengo ni kujua habari inamhusu nani, inatokea wapi na jambo gani linabadilika.
2. Soma maswali yote. Pigia mstari neno linalokuagiza: taja, eleza, thibitisha, fupisha.
3. Soma kifungu mara ya pili ukiweka alama pembeni mwa kila sehemu yenye jibu.
4. Ukikutana na neno la kigeni, usikimbie. Mtunzi hulifafanua neno hilo katika sentensi ileile au inayofuata. Katika kifungu hiki utakutana na soba, udoni na rameni. Tafuta ufafanuzi wake ndani ya habari.

KIFUNGU CHA HABARI

Soma kifungu kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata.

Aya ya 1. Tarehe 31 Desemba, familia nyingi nchini Japani hula soba kabla mwaka mpya haujaingia. Soba ni tambi zinazotengenezwa kwa unga wa mbegu za mmea wenye jina hilohilo. Wazee hutaja sababu mbili za desturi hiyo. Kwanza, tambi hizo ni ndefu, kwa hiyo huashiria maisha marefu. Pili, soba hukatika kwa urahisi kuliko tambi za ngano, kwa hiyo kuzila ni ishara ya kukata mikosi ya mwaka unaokwisha.

Aya ya 2. Jioni ya siku hiyo, mjini Nagano, bibi mmoja aliongozana na mwanawe, mkwewe na wajukuu wake wawili hadi kwenye mgahawa wa soba. Nagano ni mkoa wa milima wenye theluji na baridi kali, na sifa za soba zake zimeenea Japani nzima. Mlangoni palining'inia pazia fupi la kitambaa, alama ya kwamba mgahawa uko wazi. Walipolipita, wahudumu waliwapokea kwa sauti moja, "Irasshaimase!" yaani karibuni. Walivua viatu, wakaketi juu ya mikeka kuizunguka meza fupi. Wakaletewa chai bila malipo, pamoja na vitambaa vya moto vyenye unyevu vya kufutia mikono.

Aya ya 3. "Soba kwa watu watano," bibi aliagiza. Mkwewe akainama kidogo. "Samahani mama, huyu mdogo hawezi kula. Ana mzio wa soba." Bibi akamtazama mjukuu aliyekuwa akichezea vijiti vya kulia. "Hata nyuzi mbili tu? Mwanangu, mwaka hauvuki bila soba. Sisi tumekula tangu enzi za wazazi wetu, na mbona tupo?" Mkwe akanyamaza. Si rahisi kumpinga mama mkwe mbele za watu, hasa siku kama ile. Baba wa watoto akajaribu kupatanisha. "Basi mdogo apewe udoni. Zile ni tambi nene za ngano, hazina soba ndani yake."

Aya ya 4. Mhudumu alikuwa ameshika karatasi ya oda, lakini hakuandika. Alipiga magoti kando ya meza. "Niwieni radhi kwa kuwauliza. Akila soba, mtoto hupatwa na nini?" Mama akaeleza polepole kwamba mwaka uliopita mtoto alivimba midomo, akatokwa na vipele, kisha akaanza kupumua kwa shida hadi wakamkimbiza hospitali. Mhudumu aliinamisha kichwa. "Ni kweli udoni zetu ni za ngano. Lakini tunazichemsha katika sufuria ileile ya soba, kwa maji yaleyale. Tena unga wa soba huruka hewani kule jikoni. Naomba radhi sana. Sitaweza kumwandalia mtoto huyu chakula nikawa na amani moyoni."

Aya ya 5. Meza ilikuwa kimya. Harufu ya mchuzi wa mwani na samaki mkavu ilitoka jikoni, na watu walikuwa wakisubiri nafasi nje kwenye baridi. Bibi aliweka kikombe chake chini. Aliutazama uso wa mkwewe kwa muda, kama mtu anayeusoma kwa mara ya kwanza. "Hukuniambia kwamba alishindwa kupumua," alisema. "Nilikuambia, mama," mkwe alijibu kwa sauti ndogo. Bibi hakubisha. Alichukua koti la mjukuu mdogo, akalifunga vifungo kimoja baada ya kingine, akasema, "Inukeni. Mwaka tutauvuka wote au hatuuvuki." Mhudumu aliwasindikiza hadi mlangoni, akainama mpaka walipokata kona.

Aya ya 6. Mtaa wa pili palikuwa na mgahawa mdogo wa rameni, yaani tambi za ngano zinazoliwa ndani ya supu ya moto. Safari hii bibi ndiye aliyetangulia kwenye kaunta. "Kabla hatujakaa," alisema, "hapa mnatumia soba popote? Kwenye sufuria? Kwenye unga?" Mpishi alimhakikishia kwamba hawatumii kabisa, akamwonyesha hata pakiti za unga wake. Mabakuli matano yalipokuja, wote walikutanisha viganja na kusema "Itadakimasu," neno la kushukuru kabla ya kula. Kisha wakafyonza tambi kwa sauti, jambo ambalo huko si utovu wa adabu. Mjukuu mdogo aliinua uzi mmoja kwa vijiti hadi juu ya kichwa chake. Bibi akaupima kwa macho. "Hizi nazo ni ndefu," alisema.

MASWALI

1. Pendekeza kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.
2. Taja sababu mbili zinazofanya soba ziliwe tarehe 31 Desemba.
3. Udoni hazina soba. Kwa nini basi hazikumfaa mjukuu mdogo?
4. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari: (i) mikosi (ii) mzio (iii) hauvuki (iv) kupatanisha.
5. Thibitisha kwa hoja mbili kwamba bibi alibadilika.
6. Bibi alimaanisha nini aliposema, "Hizi nazo ni ndefu"?
7. Eleza mafunzo mawili unayoyapata katika habari hii.
8. Fupisha habari uliyosoma kwa maneno yasiyozidi 60.

MAJIBU NA MAELEZO YAKE

Swali la 1. Kichwa kizuri hubeba wazo kuu la habari nzima. "Tambi za soba" hakitoshi, kwa sababu soba hazikuliwa kabisa. "Safari ya Nagano" hakifai, maana familia haikusafiri. Majibu yanayofaa ni kama "Uliza kabla ya kula" au "Mzio wa mjukuu". Hesabu maneno yako kabla ya kuandika. Maneno sita ni makosa hata kama wazo ni zuri.

Swali la 2. Neno la agizo ni "taja", kwa hiyo jibu ni fupi: (i) urefu wake huashiria maisha marefu, (ii) kukatika kwake kwa urahisi huashiria kukata mikosi ya mwaka unaokwisha. Usiandike "kwa sababu ni desturi." Desturi ndiyo inayoelezwa, na swali linataka sababu zake.

Swali la 3. Hapa watahiniwa wengi huandika, "Kwa sababu mtoto alikuwa na mzio wa soba." Jibu hilo ni kweli lakini halijibu swali. Swali lenyewe limekwisha kukuambia kwamba udoni hazina soba. Jibu kamili liko aya ya 4: udoni zilichemshwa katika sufuria na maji yaliyochemshia soba, na unga wa soba ulikuwa ukiruka hewani jikoni, kwa hiyo soba ingeweza kumfikia mtoto hata kama haikuwamo katika tambi zenyewe.

Swali la 4. Maana hutafutwa kwa kuangalia maneno jirani.
(i) Mikosi: mabaya au bahati mbaya zinazompata mtu.
(ii) Mzio: hali ya mwili kukataa kitu fulani na kuonyesha dalili mbaya mtu anapokila au kukigusa. Ukiandika "ugonjwa" tu, jibu ni pana mno, kwa kuwa malaria nayo ni ugonjwa. Dalili zilizotajwa, yaani kuvimba midomo, vipele na kupumua kwa shida, ndizo zinazokuongoza.
(iii) Hauvuki: hauishi na kuupisha mwaka mpya. Kwa kawaida mtu huvuka mto au barabara. Hapa neno limetumika kitamathali, kwa hiyo maana ya mtoni haitakubaliwa.
(iv) Kupatanisha: kuleta maelewano kati ya watu wasiokubaliana.

Swali la 5. "Thibitisha" maana yake ni kutoa ushahidi kutoka kwenye kifungu. Hoja ya kwanza: mwanzoni bibi alitaka mjukuu ale angalau nyuzi mbili za soba, lakini baadaye aliwaamuru wote wainuke na kuondoka. Hoja ya pili: mwanzoni aliagiza bila kuuliza, lakini katika mgahawa wa pili yeye ndiye aliyetangulia kuuliza kuhusu sufuria na unga. Angalia kwamba kila hoja ina "mwanzoni" na "baadaye". Mabadiliko hayathibitiki kwa upande mmoja.

Swali la 6. Jibu hili halijaandikwa wazi, linadokezwa. Rudi aya ya 1, uone urefu wa tambi unaashiria nini. Bibi alimaanisha kwamba rameni nazo zinaweza kubeba ishara ileile ya maisha marefu, kwa hiyo desturi haikuvunjika ingawa chakula kilibadilika. Mtahiniwa anayeandika "tambi za pale zilikuwa na urefu mkubwa" amesoma maneno bila kusoma habari.

Swali la 7. Mafunzo yatoke kwenye kifungu, yasitoke kichwani mwako tu. Kwa mfano: (i) tuulize namna chakula kilivyoandaliwa kabla ya kumpa mtu mwenye mzio, (ii) tusikilize maonyo ya wanafamilia hata kama ni wadogo kwetu kwa umri au cheo, (iii) desturi ihudumie uhai wa watu, isiuhatarishe, (iv) mfanyabiashara mwema husema ukweli hata akikosa mauzo. Chagua mawili tu na kuyaeleza. Ukiandika manne pale ulipoombwa mawili, unapoteza muda wa maswali mengine.

Swali la 8: Ufupisho. Fuata hatua hizi.

Kwanza, orodhesha hoja kuu. Katika kifungu hiki ni saba: familia kwenda kula soba, mjukuu kuwa na mzio, bibi kutaka ale, baba kupendekeza udoni, mhudumu kuonya, bibi kuamua waondoke, familia kuuliza na kula rameni. Pili, ondoa mapambo: pazia, theluji, chai, vitambaa, koti. Mambo hayo yanapendeza, lakini habari inasimama bila hayo. Tatu, geuza usemi halisi uwe usemi wa taarifa. Ufupisho hauna alama za mtajo. Nne, unganisha hoja kwa maneno yako mwenyewe, kisha hesabu.

Mfano wa ufupisho:

Familia moja ya Nagano ilikwenda kula soba usiku wa kuamkia mwaka mpya. Mjukuu mdogo alikuwa na mzio wa soba. Bibi alitaka aonje, naye baba akapendekeza udoni. Mhudumu aliwaonya kuwa udoni zao huchemshwa katika maji ya soba, na unga wa soba huruka jikoni. Bibi aliamua waondoke. Waliuliza kwanza katika mgahawa wa rameni usiotumia soba, kisha wote wakala kwa usalama. (Maneno 58)

Kumbuka kuandika idadi ya maneno mwishoni iwapo umeagizwa, na uandike idadi ya kweli.

MATUMIZI YA LUGHA: REJESTA YA MGAHAWANI

Kifungu hiki kinafaa pia kwa mada ya rejesta. Rejesta ni mtindo wa lugha unaotumika katika mazingira au shughuli fulani, kama vile hospitalini, mahakamani, sokoni au mgahawani. Huongozwa na mada, uhusiano wa wazungumzaji, mahali na lengo la mazungumzo.

Katika migahawa yetu, lugha huwa ya mkato. Mhudumu huita, "Nani ugali samaki?" na mteja hujibu, "Mimi hapa!" Hakuna anayechukizwa kuitwa ugali, kwa sababu wote wanajua muktadha. Mkato huokoa muda, kwani wateja ni wengi na chakula kinapoa. Bibi katika kifungu naye alianza kwa mkato: "Soba kwa watu watano."

Sasa mwangalie mhudumu katika aya ya 4. Kwa nini aliacha lugha ya mkato na kuzungumza kwa sentensi ndefu zenye "niwieni radhi" na "naomba radhi sana"? Jibu zuri litaje mambo matatu:

(i) Mada ilibadilika. Kuagiza chakula kuligeuka kuwa suala la uhai wa mtoto, na lugha ya mkato ingeweza kuficha jambo la lazima. Neno "udoni" peke yake lilikuwa sahihi, lakini halikueleza habari ya sufuria.
(ii) Lengo lilibadilika. Badala ya kuuza, mhudumu alitaka kuonya na kukataa kuuza bila kuwavunjia wateja heshima.
(iii) Uhusiano. Lugha ya Kijapani ina mfumo wa maneno na vitenzi vya heshima, na mhudumu hutarajiwa kuutumia kwa mteja. Ndiyo sababu hata kukataa kwake kulikuja na kuomba radhi.

Linganisha pia na mkwe. Yeye alisema "Samahani mama" akainama, kisha akanyamaza. Heshima yake ilikuwa kubwa, lakini ujumbe wake ulikuwa mfupi mno kwa uzito wa jambo: hakutaja hospitali wala kupumua kwa shida mpaka alipoulizwa na mhudumu. Mtihani ukikuuliza umuhimu wa kuzingatia muktadha, mfano huu unatosha kuonyesha kwamba adabu na uwazi vinaweza kwenda pamoja, na kwamba kukosa kimoja kuna gharama.

MAARIFA YA ZIADA

Nchini Japani, soba ni miongoni mwa vyakula ambavyo sheria inataka vitajwe kwenye lebo za vyakula vilivyofungashwa, kama ilivyo kwa mayai, maziwa, ngano na karanga, kwa sababu mzio wake unaweza kuwa mkali na hata kuua. Mgahawani hakuna lebo kwenye bakuli. Neno la mhudumu na swali la mteja ndizo lebo. Hali ni hiyohiyo kwetu: mwenye mzio wa karanga hawezi kujua kwa macho kama mboga ya majani imeungwa kwa karanga au kama kikaango kilitangulia kukaanga karanga.

MAKOSA YA KUEPUKA

1. Kunakili sentensi nzima za kifungu pale ulipoagizwa "eleza".
2. Kuandika maana ya kamusi bila kuangalia neno lilivyotumika.
3. Kuingiza maoni yako katika ufupisho, kwa mfano "Bibi huyu alikosea sana."
4. Kuandika majina ya kigeni kwa namna tofauti kila mara. Nakili tahajia ya kifungu ilivyo.
5. Kuacha swali la jibu linalodokezwa kwa kudhani "halimo". Limo, unganisha aya mbili.

ZOEZI

1. Fafanua kauli hii kwa kurejelea kifungu: "Mwaka tutauvuka wote au hatuuvuki."
2. Je, baba alitoa pendekezo baya? Toa hoja mbili.
3. Fupisha aya ya 3 na ya 4 kwa maneno yasiyozidi 40.
4. Tunga mazungumzo kati ya mama lishe na mteja mwenye mzio wa karanga. Anza kwa lugha ya mkato ya mgahawani, kisha onyesha mahali lugha inapobadilika na sababu ya kubadilika kwake.
5. Taja tofauti mbili kati ya lugha ya mhudumu wa aya ya 4 na lugha ya mhudumu wa mgahawa wa mtaani kwenu.

Fanya zoezi hili kwa muda wa dakika 45 bila kurudi kwenye majibu ya juu. Kisha badilishana daftari na mwenzako, kila mmoja asahihishe la mwenzake, akianza kwa kuuliza: je, amejibu swali lililoulizwa?